Vichaka vya Shamba la Balthazari

Ipo siku moja ya kiangazi ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa bado mke kijana, kaka yako mkubwa yuko mgongoni, nimekaa uani kwa jirani yetu Bibi Koleta namsaidia kuchambua maharage. Jua lilikuwa limeanza kuinama, lakini mchana ulikuwa bado mchana. Tukamwona Agripina anapanda mlima kutoka chemchemi. Hakuwa na ndoo.

Agripina alikuwa mjukuu wa Bibi Koleta, msichana wa darasa la sita, ambaye bibi yake alimlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa mtoto wa kuimba njiani. Ukimsikia unajua maji yanakuja. Siku hiyo alikuja kimya. Gauni lake lilikuwa limechanika begani na magoti yake yana udongo. Alipotufikia alisema shikamoo, tena kwa sauti ndogo sana, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, kisha akaingia ndani akajilaza chini na kugeukia ukuta.

Bibi Koleta aliniachia ungo, akaingia, akafunga mlango. Mimi nilibaki pale nje na yale maharage, na nilikwisha kujua.

Nikueleze kwanza hali ilivyokuwa, maana ninyi mmezaliwa mkakuta vilima viko hivi, mnadhani ndivyo vilivyokuwa siku zote. Zamani ukitoka kwetu kwenda Lukole ulipita kwenye miti mpaka unasahau jua. Halafu ikaja miaka ile ya wakimbizi. Watu walivuka mpaka kwa wingi hata barabara haikuonekana, wamebeba magodoro, watoto, wagonjwa. Mwanzoni tuliwapokea vizuri. Lugha yao na Kihangaza chetu vinasikilizana, na wengine tuliwahi kuwa na shemeji huko kwao. Jikoni kwangu walilala mama na watoto wake majuma kadhaa, mpaka kambi ilipopangwa. Lakini kambi ile ilikua ikawa kubwa kuliko mji wowote niliowahi kuuona, na kila turubai lilitaka kuni asubuhi na jioni. Miti ikaanza kuondoka. Usisikie wanaosema kwamba ni wakimbizi peke yao walioimaliza. Sisi nasi tulikata, tukawauzia. Mlima uliokuwa na miti ulibaki na visiki, visiki vikachipua vichaka, na hakuna aliyejali tena kupita na kuangalia kilichoota.

Pamoja na njaa na watu wengi ukaja ujambazi. Wengine walikuwa na bunduki zilizotoka vitani, wengine mapanga tu. Walivamia nyumba, walichukua ng'ombe, walimpiga mtu hadi akasahau jina lake. Mzee Balthazari, aliyekuwa na shamba kubwa la migomba kati ya kitongoji chetu na chemchemi, walimvunja mkono na kumwachia zizi tupu. Alipopata nafuu aliwafuata watoto wake Runazi, kule Biharamulo, akasema harudi. Nyumba yake ikabaki, na shamba lake likabaki.

Sasa wewe unalijua shamba la migomba likiachwa. Majani makavu yananing'inia hayakatwi, machipukizi yanajazana, matete yanaingia kutoka bondeni, na miyenzi ya uzioni, hii ambayo Waswahili huiita minyaa, inapanda juu mpaka inakuwa ukuta. Baada ya misimu michache pale palikuwa na giza hata saa sita mchana. Na njia ya chemchemi ilipita katikati. Wanawake tulianza kwenda kundi kundi. Kisha tukaanza kukimbia tunapopita. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyesema tuingie tukafyeke. Tulisema si letu, ni la Balthazari.

Ndipo Agripina akaenda peke yake, kwa sababu bibi yake alikuwa na kiu na yeye hakutaka kungoja kundi.

Kesho yake asubuhi wanaume walikusanyika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Baba yenu alikuwepo, na panga lake. Walikuwa wamekubaliana kwenda kambini kulipiza. Kumpiga nani, hawakusema. Yeyote ambaye wangemkuta njiani. Kijana mmoja wa hapa kwetu, jina lake silitaji kwa sababu mama yake angali hai, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, akisema wakimbizi wakichomewa mahema mawili matatu watakuwa na adabu.

Bibi Koleta alifika pale na kanga aliyolalia. Mwanamke kuingia mkutano wa wanaume wenye mapanga haikuwa kawaida, na yeye hakuwa mtu wa makelele. Aliwaamkia wote, akasubiri waitikie, kisha akasema, "Kabla hamjakwenda kumtafuta mtu msiyemjua, njooni kwanza mwone anakokaa."

Walimfuata, labda kwa aibu. Na sisi wanawake tukafuata nyuma. Alitangulia na mundu, akakata matete mlangoni mwa shamba, akaingia. Mwanangu, ndani mle palikuwa na makao ya watu. Chini ya migomba palikuwa pamefagiwa. Palikuwa na benchi lililotengenezwa kwa mlango wa nyumba ya Balthazari. Palikuwa na maganda ya miwa, vipande vya sigara, majivu ya moto wa mara nyingi, na shuka kuukuu lililotundikwa kukinga jua. Ukisimama pale kwenye benchi, kupitia upenyo wa majani, ulikuwa unaiona njia yote ya chemchemi, na milango yetu mingi. Walikuwa wanatuona tunapoamka na tunapofunga mbuzi. Na vijinjia vilivyoingia pale vilikuwa vingi. Vingine vilitoka upande wa kambi, vingine vilitoka upande wetu.

Ndoo ya Agripina ilikuwa imelala kando. Bibi Koleta aliiokota, akaipangusa na kanga.

Ndipo akatukemea. Sijawahi kukemewa namna ile, wala na mzazi wangu. Hakuinua sauti.

"Waliokaa hapa sisi ndio tuliowatengenezea chumba," alisema. "Mwaka mzima tumepita hapa tukikimbia, kila mtu ameangalia miguu yake. Nendeni kambini mkachome. Mkirudi chumba bado kipo, na watakuja wengine."

Baba yenu aliniambia baadaye kwamba angeweza kuvumilia matusi, lakini kule kumwona mama mzee anapangusa ndoo kulimfanya ashushe panga. Hawakwenda kambini. Na huo nao ni uhai wa watu, sijui wangapi, ambao hakuna aliyewahi kumshukuru kwa ajili yake.

Mtu alipelekwa Runazi kuomba ruhusa. Mzee Balthazari alijibu kwamba tufyeke, tupande tunachotaka na tule ndizi, ila nyumba tusiibomoe. Basi siku iliyofuata Bibi Koleta alianza, na sisi wachache tukamfuata. Tulikata majani makavu, tukang'oa machipukizi yaliyozidi, tukaacha migomba imesimama kwa nafasi, mtu anaonekana kutoka mwanzo mpaka mwisho wa shamba. Uzio wa miyenzi tuliupunguza ukafika kiunoni. Wanaume walipita wakicheka. Walisema majambazi wana bunduki na akina mama wana mafagio. Baba yenu hakucheka, lakini hakuja pia, siku za mwanzo.

Siku moja tulikuta wanawake wa kambini wameingia upande wa chini wanabeba matawi tuliyofyeka. Wenzangu waliinua majembe. Kuni zilikuwa zimeshamwaga damu njia ile, kwao na kwetu, kwa hiyo usitushangae. Wale wanawake nao waliweka mizigo chini, wakashika mapanga yao ya kukatia kuni. Mmoja wao, mrefu, mwembamba, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alisema kwa lugha yao, "Amahoro, bamama," yaani amani, akina mama. Akasema wanachukua yaliyokwisha kukatwa tu. Bibi Koleta alimwambia achukue yote, na kesho aje tena achukue zaidi, ila aje na wenzake wafyeke pamoja nasi, badala ya kungoja tumalize.

Yule mwanamke aliitwa Spesioza. Huko kwao alikuwa na mume na shamba la kahawa. Mume aliuawa, na shamba hakujua liko mikononi mwa nani. Alikuja kesho, na siku zilizofuata, na wenzake. Wanawake wa kambini nao walikuwa wanashikwa vichakani, mwanangu, tena zaidi yetu, kwa sababu wao walilazimika kwenda mbali kutafuta kuni kila siku. Hilo sisi hatukulifikiri hata mara moja mpaka tulipokaa nao kivulini tukanywa uji pamoja. Mmoja alimwona Agripina amekaa pembeni anatazama mikono yake, akaenda akakaa karibu naye hadi tulipoondoka. Baada ya hapo alikuja akakaa naye kila siku.

Spesioza ndiye aliyeleta maua. Kambini walikuwa wanaotesha miche ya miti kwenye viroba vidogo, naye alipata ruhusa ya kuchukua, pamoja na mbegu za maua mekundu alizozifunga kwenye ncha ya kanga. Mimi nilimuuliza maua ya nini wakati tuna njaa. Aliniambia kwamba mahali penye maua mtu huchelewa kidogo kuondoka. Nilicheka. Lakini ilikuwa kweli. Tulipanda kando ya njia yote mpaka chemchemi, na mvua zilipokuja yakatoka, mekundu, makubwa kama ngumi. Tukapafagia. Benchi la majambazi tulilitoa shambani tukaliweka njiani, chini ya mvumu, ule mti mkubwa wa kivuli wa Balthazari uliobaki. Mama mmoja akaanza kuuza mandazi pale. Wazee wakaleta bao. Watoto waliotoka shule hawakupitiliza tena nyumbani, walicheza pale, na mama zao wakaja kuwatafuta wakakaa. Jioni ikawa na watu. Na njia yenye watu, wenye kufahamiana kwa majina, haimfai mwizi. Hana pa kujificha wala pa kusemea kwamba anapita tu.

Msimu wote ule, na mwingine, hakuna aliyeshikwa kwenye njia ya chemchemi. Hatukuwa na polisi karibu, wala bunduki. Wanaume walioacha kucheka walishika majembe. Baba yenu alichimba mashimo ya miti mpaka akatoka malengelenge, na siku nyingine nilimkuta anamwagilia maji miche asubuhi kabla ya chai, akijifanya anapita. Na nilimsikia Agripina, siku moja tu, anaimba akiwa na ndoo. Hakuimba wimbo mzima. Lakini nilisimama jikoni nikalia.

Ningependa niishie hapo. Wengi wanaosimulia habari za Bibi Koleta huishia hapo, na ndiyo maana nimekuita ukae, nikueleze yaliyobaki.

Majambazi hawakuacha ujambazi kwa sababu sisi tumepanda maua. Walihama. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na kitongoji kingine, na kwao visiki vilikuwa vimechipua vichaka vibaya kuliko vyetu, na njia yao ya kwenda sokoni Lukole ilipita humo. Kaka yangu Deo alikuwa ameoa na kujenga huko. Baada ya sisi kutulia, wao wakaanza kuteswa. Kila juma tulisikia habari: fulani amenyang'anywa baiskeli, mke wa fulani amepigwa. Sisi tukasikitika, tukasema Mungu awasaidie, tukarudi kwenye benchi letu.

Hatimaye wazee wao walikuja, Deo akiwa nao. Walikaa pale pale kwenye maua, wakaomba twende tukawasaidie kufyeka, kwa sababu wao walikuwa wachache na watu wao wanaogopa kuingia vichakani. Walileta na pombe ya ndizi, kwa heshima. Wanaume wetu waliwasikiliza vizuri. Kisha mwenyekiti akasema kwamba ni msimu wa kupanda maharage, kila mtu ana kazi, na tena tukiondoka wote majambazi wanaweza kurudi huku. Wengine wakaongeza kwamba kila kitongoji kijilinde chenyewe. Mikono ikainuliwa. Ilikuwa mingi. Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa anaangalia maua, kama mtu aliyeingia nyumba nzuri ya watu na kuambiwa asikae.

Bibi Koleta alisema siku ile tena. Aliwaambia, "Sisi hatukuwamaliza wale watu. Tumewaelekeza kwa akina Deo." Lakini watu wakishiba usalama husikia vibaya. Walimjibu kwa upole kwamba amezeeka, apumzike. Aliondoka na jembe lake, akavuka bonde peke yake jioni ile ile kwenda kuangalia pa kuanzia.

Haikuchukua muda. Deo alitoka nyumbani alfajiri, baiskeli imebeba mikungu mitatu ya ndizi za sokoni. Mkewe Modesta alimsindikiza mpaka mwisho wa uwanja. Kulipopambazuka vizuri, watu waliokuwa wanakwenda Lukole waliona ndizi zimetawanyika njiani, wakadhani ni ajali. Walimkuta kwenye matete, si mbali na njia. Baiskeli ilikuwa imechukuliwa. Ndizi waliziacha.

Nilivuka lile bonde nikikimbia, na kanga ilinianguka sijui wapi. Nilipopita kwenye maua yetu niliyaona mekundu hivyo hivyo, yameumbwa vizuri, na watoto wa watu wanacheza. Nilitamani kuyang'oa yote.

Baadaye sana walikamatwa baadhi ya watu wa genge lile. Walikuwamo wa kambini. Na alikuwamo kijana wetu, yule aliyepaza sauti kwamba mahema yachomwe. Alikuwa anajua njia zote, na saa za kila mtu. Alikuwa amekaa na sisi kwenye benchi, ameinua mkono pamoja na wengine siku wazee wa ng'ambo walipokuja. Sikuelezi hili ili uwachukie watu. Nakueleza ili ujue kwamba tulipokuwa tunautafuta uovu kule kwa wageni, ulikuwa unakula mandazi pamoja nasi.

Tulimzika Deo kwenye shamba lake. Siku ya tatu baada ya maziko Bibi Koleta alinikuta kwa Modesta. Sikuwa na hamu ya kuongea na mtu yeyote wa kitongoji chetu, hata yeye. Aliketi chini kwenye mkeka, akaniambia maneno machache. Alisema: "Mwanangu, nilidhani nimepanda kinga, kumbe nimepanda uzio. Uzio unamkinga aliye ndani tu. Ningejua, ningeanzia ng'ambo." Kisha akainuka akaenda kufyeka pale alipofia kaka yangu.

Spesioza alikuja kumsaidia, na mimi nikaja, kwa sababu nilishindwa kukaa. Watu wa ng'ambo hawakutupokea. Walisimama mbali wakatutazama. Mzee mmoja alituambia turudi kwetu tukapalilie maua yetu, kwamba tumekuja tumechelewa. Alisema kweli, na Bibi Koleta alimwitikia kwa heshima kwamba ni kweli, akaendelea kukata. Tulifyeka kipande kidogo tu. Bila watu, mwanangu, vichaka vinakushinda. Unakata hapa, kule ulikokata jana kumeshachipua.

Halafu ikatoka amri kwamba wakimbizi warudi kwao. Sitaingia katika mambo ya serikali, siyajui. Najua kwamba barabara ilijaa tena, safari hii kuelekea mpakani, na mvua inanyesha. Nilisimama kando na Agripina, tukitafuta kitambaa cha kijani. Tulimwona. Alikuwa amebeba sufuria na mtoto ambaye hakuwa wake. Alitupungia mkono, hakuruhusiwa kusimama. Agripina alimkimbilia hatua chache, akarudishwa. Mpaka leo hatujui kama Spesioza alifika, kama alilikuta shamba la kahawa, kama yu hai. Nimeuliza watu waliotoka huko. Jina hilo wanalo wanawake wengi.

Bibi Koleta alishikwa na homa ya mapafu mvua zile zile, akafariki. Alikuwa amelowa siku nyingi kwenye matete. Watu walisema maneno mazuri sana kwenye mazishi yake, na mwenyekiti aliahidi kwamba kazi yake itaendelezwa. Ikaendelezwa msimu mmoja. Wana wa Balthazari, baba yao alipofia Runazi, waliliuza shamba kwa mtu wa mbali asiyekuja kuliangalia. Mvumu ulikatwa ukachomwa mkaa. Miyenzi imepanda tena, umeiona mwenyewe. Watoto wanaokwenda chemchemi wanakimbia wanapopita pale. Agripina aliolewa Biharamulo na hajawahi kurudi kulala hapa hata usiku mmoja. Simlaumu.

Nimekueleza haya yote kwa sababu ya yale uliyoniambia juzi kuhusu kiwanja chako cha mjini: vibaka wanaojificha kwenye kile kiwanja cha jirani kilichoota majani, wanaowapora kina mama jioni, na ninyi wenye nguvu mnataka kujenga kuta na kusimika chupa zilizovunjwa juu yake. Jenga ukuta ukitaka, sikukatazi. Mimi nakuambia niliyoyaona. Ukuta utamhamisha mwizi kutoka mlangoni kwako hadi mlangoni kwa mwanamke asiye na ukuta.

Kwa hiyo sikiliza. Nenda kamtafute mwenye kile kiwanja, hata kama yuko mbali, umwombe ruhusa. Fyekeni kwa pamoja. Pandeni kitu, miti, maua, chochote kinachomfanya mtu asimame. Wekeni benchi, taa kama mnaweza, mama muuza mandazi akae pale na msimfukuze. Waite na wale mnaowashuku, wafanye kazi pamoja nanyi, maana hujui ni nani anayeteseka kuliko wewe, wala hujui ni nani aliye karibu nawe aliyeoza. Na mtaa wa pili wakija kuomba msaada, usihesabu msimu wala usinyooshe mkono wa kukataa. Nenda siku hiyo hiyo. Nenda hata kabla hawajaja. Na mkishamaliza msiseme mmemaliza, kwa sababu majani hayalali, na mahali pazuri pasipotunzwa hugeuka kuwa maficho haraka kuliko unavyodhani.

Sikuahidi kwamba mtashinda. Nimezeeka bila kuona tukishinda. Nilichoona ni misimu miwili ambayo msichana aliweza kwenda kuchota maji na kurudi, na mpaka leo sijaona jambo lingine tulilolifanya hapa linalofikia hilo. Kama mtapata misimu miwili, ni mingi. Kama mtapata mitatu, mtakuwa mmetupita.

Haya, inama nikuwekee mkono. Mungu akupe macho ya kumwona jirani kabla hajaja kuomba. Akupe wenzio wasiochoka mapema. Watoto wako watoke na warudi, na mke wako afungue mlango bila kuuliza mara mbili ni nani. Na popote utakapopalilia, pawe salama kwa yule utakayemwachia. Amina. Nenda salama, mwanangu.